Papa Directeur na Nyanya za Mudaka

Ofisini, biro nzima, tulimwita Directeur, yaani mkurugenzi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake likiandikwa hapa atafurahi, na furaha hiyo sitaki kumpa.

Alikuwa Directeur wa data. Kampuni yetu ilianza na watu wachache ndani ya nyumba ya kupanga pale Nguba. Kazi yetu ilikuwa kuunganisha wakulima wa Kabare na wateja wa mjini. Mkulima anatuma ujumbe kwa simu kwamba ana kabichi au nyanya, programu inakusanya jumbe zote, halafu camion, lori letu, inapita barabara ya Kavumu kuchukua mizigo na kuishusha Bukavu, kwenye mahoteli, mashule na soko la Kadutu. Programu ile niliijenga mimi. Kazi ilipokua, wenye kampuni wakasema sasa tunahitaji mtu mkubwa wa kuongoza mambo ya data, mtu wa stratégie. Wakamleta yeye, nami nikawekwa chini yake. Watu watasema hasira zangu zinatoka hapo. Waseme. Hasira zangu zinatoka Mudaka, kwenye nyanya za akina mama, na huko nitafika.

Kitu cha kwanza alichoagiza kilikuwa skrini. Hatukuwa na mashine za kutosha, wengine tulifanya kazi na laptop zenye herufi zilizofutika, lakini yeye aliagiza skrini pana kama mlango, ikatundikwa ukutani pale mapokezi. Ndani yake kulikuwa na ramani ya Kabare iliyojaa nukta. Kijiji kinacholeta mzigo kilikuwa na nukta ya kijani, na kisicholeta kilikuwa na nukta ya kijivu. Wageni wakiingia aliwasimamisha mbele yake, mkono mmoja mfukoni, mwingine ukipita hewani kama padri anayebariki, na kuwaambia, "Hapa mnaona Kivu inapumua." Kivu gani inapumua! Nukta zile zilibadilika mara moja tu kila asubuhi, nilijua vizuri kwa sababu niliziandika mwenyewe. Yeye ndiye aliyeomba ziwe zinawakawaka, ili mgeni adhani kuna jambo linalotokea.

Na courant ya umeme ikikatika, jambo ambalo kwetu si habari ya kumsimulia mtu, amri yake ilikuwa kwamba jenereta iwashe skrini kwanza. Seva ingoje. Sisi mafundi tunakaa gizani, mashine zimekufa, chauffeur wa camion yuko barabarani anapiga simu kuuliza asimame wapi, na kule mapokezi nukta zinamkonyeza mwanamke wa usafi. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akanijibu bila aibu, "Mugeni akikuta skrini imezima, atasema nini?" Nikasema atasema courant imekatika, kama kwake. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanipiga begani.

Aliniita "ma fille", binti yangu. Tulikuwa karibu rika moja, tena mimi nilikuwa tayari na watoto, lakini mdomoni mwake mimi nilikuwa ma fille asubuhi na jioni. "Ma fille, unafikiri kama fundi. Jaribu kufikiri kama stratège." Ukimletea tatizo lolote, alilipeleka kwenye vision, maono yake ya miaka ijayo. Siku moja niliingia kumwambia kwamba waya wa umeme wa chumba chake unaungua. Aliinua kidole, akafumba macho, akauliza, "Na ndani ya vision ya miaka tano, ile waya iko wapi?" Nikamwambia, "Iko chini ya kiti yako, Directeur, na iko natoa moshi." Aliruka! Sijawahi kumwona mtu wa stratégie akiruka hivyo. Wiki nzima biro ilicheka, na yeye akacheka pia, lakini vision iliendelea.

Neno lake jingine lilikuwa hili: "Data haidanganyaka." Alilisema mkutanoni, kwenye simu, hata mezani akiwa na mfupa wa kuku mkononi. Mtu akisema barabara ya Miti imeharibika kwa mvua, alifungua kompyuta yake, akaangalia, akasema data haionyeshi hivyo. Chauffeur aliyetoka huko alikuwa amesimama mbele yake na matope mpaka magotini. Data haidanganyaka! Yule chauffeur alibaki akijiangalia miguu.

Matope yenyewe alikuwa hayajui. Alivaa viatu vya ncha, vya rangi ya kahawia, na mfukoni alikuwa na kitambaa cha kuvifutia. Mvua ikinyesha Bukavu sisi wote tunafika kazini tukiwa na udongo, mkubwa na mdogo. Yeye alikuwa akivifunga viatu vyake ndani ya mifuko ya plastiki, anashuka kwenye gari kwa vidole, anaifungua mlangoni. Mudaka, Miti na Kavumu alizijua kupitia dirisha la gari, nalo limefungwa sababu ya vumbi, wakati ule ndege zilipokuwa bado zinashuka Kavumu na yeye akienda kwenye makongamano yake kueleza watu wa mbali jinsi anavyowajua wakulima wetu. Nilimwomba mara nyingi twende naye Mudaka, hata asubuhi moja tu. "Niende kufanya nini? Mudaka iko hapa," akasema, na kugonga kioo cha kompyuta kwa ukucha.

Sitamdhulumu lakini. Baba yangu alipofariki, watu wa kazini walifika kwenye matanga, wakakaa kidogo, wakala, wakaondoka. Directeur alibaki. Mvua ilianza, akavua koti, akawa anabeba viti na vijana wa mtaa kuviingiza chini ya shitingi ya turubai, na viatu vile vile vya ncha vikazama udongoni. Hakutoa hotuba. Nyimbo za kanisa zilipoanza akaimba sauti ya nne, nzuri kabisa, akiwa amesimama nyuma ambako hakuna wa kumwona. Mama yangu mpaka leo ananiuliza, "Yule papa wa sauti, iko wapi?" Namjibu kwamba yuko, mama, yuko.

Na kuna jambo lingine, ambalo ndilo linalonichoma zaidi. Siku moja seva yetu ilianguka na data yote ikapotea, wakulima wote, mizigo yote. Tulichanganyikiwa. Yeye akaingia, akaniomba kiti changu kwa adabu, akakunja mikono ya shati na kuanza kuandika. Mawee! Vidole vile vilikuwa vinajua njia. Hakuuliza mtu kitu. Chai tuliyomwekea ilipoa mpaka ikawa na ngozi juu. Mchana kila kitu kilikuwa kimerudi, na akanieleza kosa lilikuwa wapi kwa maneno machache, safi, bila vision hata moja. Nilimwangalia nikasema moyoni, kumbe mtu huyu anajua! Kesho yake akavaa koti, akarudi kwenye skrini yake, na keyboard hakuigusa tena. Mtu asiyejua unaweza kumhurumia. Huyu alijua, akaona kujua ni kazi ya watu wadogo.

Sasa Mudaka.

Kule kuna chama cha akina mama wanaolima nyanya. Mwenyekiti wao sote tulimwita Maman Présidente, mama mfupi mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya bonde. Chama kizima kilitumia simu moja, na ilikuwa yake. Wengine simu ya nyumbani inatembea na bwana, mwingine aliuza yake mtoto alipougua, mwingine anayo lakini hana mahali pa kuchaji. Kwa hiyo wote waliandikwa kwa namba ya Maman Présidente. Ujumbe wa camion ukifika, anapanda kilimani karibu na chapelle, kanisa lao dogo, anawaita kwa majina, mmoja mmoja, nao wanashuka na vikapu vyao mpaka barabarani. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi huku. Mimi mwenyewe nilimaliza sekondari nikipigiwa kwenye namba ya jirani yetu, na jirani hakuona ajabu.

Nilikwenda kuwaandika mwenyewe. Tulikaa ndani ya nyumba ya Maman Présidente, tukala bugali na sombe ya majani ya muhogo, na alipokwisha kunawa akaniuliza, "Sasa niambie bila kunificha. Ile camion itapita kweli? Sababu nyanya haingojaka mutu." Nikamwambia mkituma ujumbe, itapita. Na ilipita, msimu baada ya msimu. Kwa hiyo wakaamini. Waling'oa muhogo kwenye mashamba yao mazuri, yale ya karibu na maji, wakaweka nyanya kila mahali. Mwaka ule chakula cha nyumba zao na masomo ya watoto wao, vyote vilikuwa vimekaa juu ya nyanya, na nyanya zilikuwa zimekaa juu ya camion yetu.

Ndipo Directeur akazindua kampeni yake ya Data Safi. Alitushonea na mashati, meupe, yenye maneno hayo kifuani. Sheria yake ilikuwa moja: namba moja, mtu mmoja. Majina yote yanayogawana namba aliyaita doublon, yaani mtu mmoja aliyejiandika mara nyingi, na doublon inafutwa, linabaki jina la kwanza tu.

Nilisimama mkutanoni. "Directeur, Mudaka hakuna doublon. Kuna batu."

"Batu gani benye namba moja?"

"Bamaman wa nyanya. Simu iko moja, bo wako wengi. Ukifuta, programu itaona kikapu moja tu, na camion haisimamaka kwa kikapu moja. Itawapita."

Akacheka. Alicheka vizuri, kichwa nyuma. "Ma fille, majina mingi juu ya namba moja, kwetu shiye batu ya data inaitwaka fraude, wizi. Bo banakudanganya, na wewe unabapendelea sababu ulikula bugali yabo." Wenzangu wote wakaanza kuchunguza kalamu zao. Nikamwambia apige ile namba, pale pale, aulize. Simu ilikuwa mezani mbele yake. Hakuigusa.

Na kazi ya kufuta hakunipa mimi. Alingoja wageni waje, akawapanga mbele ya skrini, akaeleza Data Safi kwa Kifaransa kirefu, halafu akabonyeza mwenyewe. Mtu ambaye hakugusa keyboard tangu ile siku ya seva, aliigusa siku hiyo. Wageni wakapiga makofi. Nukta ya Mudaka ikawaka kijani mara ya mwisho, asubuhi iliyofuata ikawa kijivu.

Nyanya ziliiva wiki hiyo hiyo. Maman Présidente akatuma ujumbe kama siku zote, programu ikakubali jina moja na kikapu kimoja. Akina mama wakashuka, wakapanga vikapu kando ya barabara, wakangoja. Maman Présidente akanipigia simu. Nikampigia chauffeur, akasema, "Maman, minasha pita kwao kitambo. Programu haikuniambia kusimama, na camion inajaa kabichi ya Miti." Nikakimbia kwa Directeur. Akaniambia niandike demande, barua ya maombi, tutaijadili lundi, yaani Jumatatu. Lundi! Nyanya zimekaa juani barabarani, yeye anasema lundi!

Siku ya lundi haikufika kabla ya Maman Présidente. Alikuja mwenyewe, kikapu kichwani, akakitua pale mapokezi chini ya skrini. Nyanya zilikuwa zimepasuka, maji yake yakawa yanatiririka juu ya vigae vyeupe. Directeur akatoka chumbani kwake, akaona maji yale, akarudisha viatu vyake nyuma.

"Asinge, papa," akamsalimia kwa heshima, magoti yamekunjwa kidogo. "Nilikuya kuuliza tu. Camion itapita kwetu kweli? Kunabakia ingine kule mashambani, na yenyewe iko naiva."

"Maman, data inaonyesha Mudaka iko na production kidogo sana."

"Papa, production njo hii iko namwangika chini."

"Data haidanganyaka, maman."

Nilitaka kumrukia. Maman Présidente hakubishana naye. Alisimama akiangalia skrini, akaniuliza pale kwao ni wapi. Nikamwonyesha. "Hii rangi ya majivu njo shiye?" Nikasema njo ninyi, mama. Aliangalia tena kidogo, akakaza kitenge, akabeba kikapu chake na nyanya zake zilizooza, akaondoka. Directeur akamwita mwanamke wa usafi.

Na hakuishia hapo, msidhani. Mwezi uliofuata alisimama mbele ya wenye kampuni akaonyesha kwamba Mudaka haileti mzigo, data inathibitisha, kwa hiyo itolewe kabisa kwenye njia ya camion. Aliliita jambo hilo optimisation. Aliwanyima camion, kisha akawahukumu kwa kukosa camion. Walimpigia makofi tena. Mimi nilifunga laptop, nikaiacha mezani, nikatoka. Akanifuata mpaka mlangoni: "Utarudia, ma fille." Aka! Sikurudi. Kule Mudaka watoto wengi walikaa nyumbani mwaka huo, na muhogo ulioondolewa hauoti kwa wiki moja.

Mambo ya mji mnayajua, tangu vita viingie. Ndege ziliacha kushuka, mabenki yakafunga milango, wageni wa kupiga makofi hawakuja tena. Kampuni ikapungua, ikapungua, mpaka nikasikia skrini imebandukwa. Mimi nilikuwa nimerudi Mudaka. Siku ya kwanza niliporudi Maman Présidente hakunipa kiti, nikakaa chini, na hilo nalikubali. Baadaye tulianza kidogo kidogo: camion ya kukodi, tunagawana na watu wa Miti, programu ndogo ndani ya simu yangu, na sauti yake juu ya kilima.

Asubuhi moja, mwaka huu, tulikuwa kando ya barabara tunaandika wenye mizigo. Mwanamume mmoja akashuka kwenye njia ya juu, amevaa bottes za mpira zenye udongo, kofia imeshuka machoni. Nilimjua alipofungua mdomo, maana ile sauti ya matanga haipotei. Alikuwa amehamisha familia yake kwa mama mkwe, kodi ya mjini ilikuwa imemshinda, na sasa walikuwa wanalima. Nyanya, ndiyo.

"Ma fille," akasema, halafu akakohoa. "Maman ingénieur."

Maman Présidente ndiye aliyemuuliza, kama anavyowauliza wote: "Namba ya simu, papa?"

Akaitaja. Kisha akaongeza, "Iko ya mama mukwe. Shiye wote pale nyumbani tunatumikishaka hiyo moja. Na jirani pia."

Nikaacha kuandika. Nilimwangalia usoni nikingoja asikie alichosema mwenyewe, na kwa kweli alisikia, kwa sababu alitazama bottes zake na hakuondoa macho hapo. Ningeweza kusema maneno mengi. Yalikuwa yamejaa mdomoni, tangu ile siku ya mapokezi nilikuwa nimeyatunza.

"Haina shida, papa," Maman Présidente akasema. "Hapa shiye wote tuko hivyo. Andika, mwanangu."

Nikaandika. Directeur hakuondoka. Alisimama akishika ukingo wa kofia yake, halafu akauliza polepole, "Maman, na camion... itapita kwetu kweli? Shiye tuko kule juu."

Nikasema moyoni: sasa! Mpe data yake, mama, mpe yote! Maman Présidente alimtazama kutoka kofia mpaka bottes. Alikuwa anamkumbuka, niliona wazi.

"Itapita," akasema. "Nitakuita mi mwenyewe."

Alipopanda kwao nilimgeukia kwa hasira. Kwa nini hukumwambia kitu? Mtu yule? Alikuwa anafunga vikapu, hakuinua hata kichwa. "Nimwambie nini? Nyanya yake iko naiva."

Siku ya camion alipanda karibu na chapelle kama kawaida, akaanza kuita. Akaita majina ya wote, yale yale yaliyofutwa siku ya makofi, na baada ya la mwisho akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo hata watu wa Miti waliisikia:

"Papa Directeuuur!"

Kilima kizima kilicheka. Akina mama walikuwa wanashikana mabega, chauffeur alipiga honi. Naye akatokea juu ya njia, anashuka mbio ndani ya bottes zake, kikapu begani, anateleza, anashika majani, anasimama tena, anaogopa camion isije ikamwacha. Alipofika alikuwa anahema. Nikampokea kikapu, nikakipandisha pamoja na vingine.